Kula Habari kwa Simu

Vijana wa laini, mmeniomba niwaachie maneno kabla sijasahau, na Brayo akaniambia nisiandike kama hotuba ya harusi. Sina hakika najua kuandika namna ingine. Nilitoka shule darasa la nne kwa sababu ng'ombe zilihitaji mtu wa kuzichunga na huyo mtu nilikuwa mimi. Mkiona maneno yamepinda, nyoosheni wenyewe, nyinyi ndio mlisoma. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alipewa kiti cha kuzunguka hamtayapata hapa. Hicho kiti nilikikalia siku moja kikanipeleka ukutani, nikarudi kwa stuli yangu.

Kwa mgeni ambaye hii karatasi itamfikia: kazi yetu pale Kitengela ni kupokea simu za watu waliolemewa moyoni, wengine mpaka wanafikiria kufa. Laini ni ya bure, haikati kredo. Mtu anapiga, tunamsikiliza, na ikihitajika tunamtafutia muuguzi au daktari wa akili aliye karibu na kwake, na tunafuata mpaka tujue amefika. Ni hayo tu. Ukiyasema haraka yanaonekana kazi ndogo.

Mimi sikuandikwa kupokea simu. Niliandikwa kuosha sakafu na kupika chai. Nimezaliwa upande wa Kona Baridi, huko upepo unapiga mpaka kuku anajifunza kutembea kando kando. Kilichonitoa huko kikanileta Kitengela na mopu mkononi nitakisema mbele, kikifika saa yake.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi, ofisi ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, vyumba viwili. Kile cha ndani kuta zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai. Nikafikiri hawa watu wanafuga kuku ghorofani, na nikajiambia kama ni kuku basi kazi naijua. Kumbe trei ni za kuzuia kelele. Chini kulikuwa na mhubiri mwenye spika, na malori ya simiti yakipita barabarani hata vijiko vilikuwa vinaongea. Mtu anayelia kwa simu hafai kusikia mhubiri, isipokuwa ameomba.

Mwenye hicho chumba alikuwa Sista Nekesa. Si sista wa kanisa, ni muuguzi wa akili, mtu wa Bungoma aliyepanga nyumba hapo Kitengela na bado anangoja kurudi kwao tangu siku aliyofika. Alikuwa anasema nyama yetu ni nzuri lakini hatujui mboga. Nilikuwa namwambia mboga tunazijua, tunawapa mbuzi. Ndivyo tulivyozoeana.

Simu yangu ya kwanza haikuwa yangu. Nilikuwa naosha sakafu, Sista akatoka na ile kitu ya kuvaa masikioni, waya unamfuata kama mkia.

"Mama Naserian, unajua Kimaasai?"

"Sista, mimi ni Maasai."

"Basi kuja. Wacha hiyo mopu."

Kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga, hajui Kiswahili, hajalala tangu ajifungue, na alikuwa anaogopa mikono yake mwenyewe. Nilikuwa nasema Sista alichoniambia niseme, halafu namwambia Sista alichosema mama, na katikati nilikuwa nasema vitu vyangu kidogo ambavyo sikumwambia Sista. Mikono yangu ilikuwa inanuka sabuni ya sakafu. Tukapata muuguzi karibu na kwake, na nyanya ya mtoto akaja kukaa. Sista akaniambia, "Kesho sakafu ataosha mtu mwingine."

Akanifundisha. Mafunzo yake hayakuwa mengi lakini alikuwa anayarudia mpaka unayaota. Uliza mtu yuko wapi kabla hujauliza ana nini, kwa sababu laini ikikatika utamtafuta wapi. Usimwambie atapona, wewe si Mungu. Usimhubirie, mhubiri yuko chini. Kama unafikiri mtu anataka kujiua, muulize wazi, usizunguke. Kumuuliza hakumpandii wazo. Wazo limefika kabla yako na limeshavua viatu. Na ya mwisho, ambayo aliisema akiangalia mimi: "Simu ni ya mwenye kupiga. Habari zako ziache mlangoni."

Hiyo ya kunyamaza ilinisumbua. Mimi nikisikia kimya nakiingilia kama mbuzi akiona geti wazi. Sista aligundua nashona shanga nikiwa na mawazo, akaniambia nilete shanga ofisini. "Mikono ikifanya kazi, mdomo unapumzika." Kweli ilisaidia. Nilikuwa naziweka kwa kopo la majani ya chai, naokota moja moja, na mtu anasema yake bila mimi kumrukia. Nimeshona mikanda ya harusi nyingi kwa huzuni za watu. Maharusi hawajui.

Nisiwadanganye, simu nyingi hazikuwa za kufa na kupona. Watoto walipiga kututukana na kucheka. Mzee mmoja alipiga kila stima ikipotea, tukamwambia sisi si watu wa stima, akasema anajua lakini hao wa stima hawashiki. Wengi pia waliogopa kupiga kwa sababu walisikia tumeungana na polisi. Hilo jibuni mapema kwa kila anayeuliza, msingoje.

Kitu kingine ambacho watu hawaoni: laini bila mlango ni kelele. Unamsikiliza mtu vizuri, unamwambia enda hospitali fulani, anapanda gari kutoka mbali, anafika, muuguzi wa akili amehamishwa. Huyo hatapiga tena. Kwa hivyo kila Jumatatu, kabla ya chai, Sista alikuwa anapigia kila kliniki, kutoka Kajiado mjini mpaka Loitokitok, anauliza swali moja: "Mtu wa akili yuko leo?" Walimzoea mpaka wakawa wanashika simu wakisema, "Yuko, Sista, habari ya asubuhi." Msiache hiyo Jumatatu. Mkiacha nitajua.

Na ni yeye alisema namba ibandikwe mahali wanaume wanaenda. Kliniki hawaendi. Tukazunguka na gundi, tukabandika kwa dipu za ng'ombe, kwa soko la mifugo, kwa vinyozi, mpaka kwa duka za mbegu kule Kimana. Mzee mmoja Kajiado alitutazama tukibandika kwa ukuta wa dipu akauliza, "Hii ni dawa ya kupe?" Nikamwambia ni karibu hivyo.

Halafu akaja Brayo. Wengi wenu mnamjua sasa ana kitambi, lakini alikuja mwembamba kutoka chuo, mzaliwa wa Kitengela, wazazi wake watu wa Kisii. Aliniita Kokoo, ambayo ni nyanya kwa lugha yetu, siku ya kwanza bila kuniuliza, na nikamwacha. Kwa vijana wenzake alikuwa fundi. Mtoto anapiga analia kwa Sheng, Brayo anajibu kwa Sheng, mimi nakaa hapo sielewi neno lakini nasikia sauti inashuka polepole kutoka mtini.

Sasa nifike kwa ile simu ambayo nilitaka kuwaandikia. Hayo mengine yote yalikuwa njia.

Kulikuwa na ukame ule mbaya. Mizoga ilikuwa kando ya barabara mpaka fisi walikuwa wanachagua. Siku moja tukinywa chai Brayo akasema, "Kokoo, kuna buda, mzee wa huko Kimana, anatuzoea. Anapiga kutusalimia tu."

"Anasema nini?" Sista akauliza.

"Namuuliza uko salama, anasema salama. Namuuliza kuna kitu inakusumbua, anasema watu wazima, watoto wazima, ng'ombe wazima. Halafu ananyamaza. Nikiuliza tena anasema asante, anakata. Si ni upweke tu?"

"Unasikia nini nyuma yake?"

"Upepo. Upepo mob, mwingi."

Sista akaweka kikombe chini. "Amepanda kilima kutafuta netwaki. Mtu hapandi kilima kuja kusalimia ofisi. Akipiga tena mpe Mama Naserian."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu nusu yenu si wa kwetu. Kwetu watu wakikutana hawasemi hujambo wakapita. Wanakula habari. Mmoja anaanza: sisi wazima, watoto wazima, ng'ombe wazima, nyasi iko kidogo, njia ilikuwa salama. Mwingine anaitikia eee, eee, kama mtu anayeshushiwa mzigo kutoka kwa punda, kimoja kimoja. Akimaliza, mwingine naye anatoa zake. Na unaanza na uzima hata kama kuna msiba nyumbani. Hata kama ng'ombe wamekufa wote, unasema ng'ombe wazima. Huo si uongo, ni mlango. Ubaya unakuja mwisho, baada ya ile "ila". Sisi wazima, ila baba ametuacha. Na hiyo ila haitoki mpaka mmekula wote wawili. Mtu anayepokea habari zako na kuficha zake, huyo ni mpelelezi, au ana jicho baya. Huwezi kumpa ila yako.

Alipiga tena, mchana, jua limesimama. Brayo akanipa ile kitu ya masikioni. Mwenye kupiga nitamwita Lemayian, si jina lake. Tuliongea Kimaasai, nawaandikia kwa Kiswahili.

"Takwenya, mama," akasalimia.

"Iko," nikaitikia. "Uko wapi, baba?"

"Juu ya kilima, nyuma ya mashamba ya vitunguu. Hii simu inafika kwa polisi?"

"Haifiki. Inafika kwa mimi tu, na wenzangu wawili, na ukuta wa trei za mayai."

Halafu akauliza, "Kwenu kunanyesha?"

Nikaangalia dirishani. Kitengela ilikuwa vumbi tupu, hata kunguru walikuwa wekundu. Kumbe alisikia shanga zikianguka kwa kopo. Mtu ambaye anangoja mvua kwa mwaka mzima husikia mvua kila mahali.

"Si mvua. Ni shanga zangu."

"Eee," akasema, na nikasikia imemuuma kidogo.

Akaanza habari. Sisi wazima. Watoto wazima. Mama yao mzima. Ng'ombe wazima. Nilikuwa naitikia eee, eee. Alisema yote vizuri bila kuruka hata moja, akanyamaza. Akaniambia, "Na nyinyi?"

Nikasema, "Sisi wazima. Sema yako, baba, nakusikiliza." Ndivyo tulivyofundishwa.

Kimya. Upepo. Nilijua kwa nini amenyamaza. Nilifunika ile kitu ya mdomo na mkono.

"Sista, anangoja habari zangu."

"Zako za nini?"

"Zangu mimi. Hatatoa yake kama sijatoa yangu. Na wewe umesema ziachwe mlangoni."

Sista alinitazama. Alikuwa mtu wa kufikiri haraka lakini hapo alichukua muda wake. "Mpe," akasema. "Lakini usimpe mzigo aubebe. Mpe kama chumvi."

Nikatoa mkono. Na hapa ndipo saa yake imefika, ile habari ya kilichonitoa Kona Baridi.

Nikamwambia: sisi wazima. Watoto wangu wazima. Njia ya Kitengela iko salama. Ila ng'ombe zangu ziliisha. Ukame wa kabla ya huu. Ya mwisho tuliiinua kwa mikono asubuhi kwa asubuhi, tukiishika mkia na pembe isimame, mpaka siku moja tukaiinua na haikuwa na haja tena. Boma likabaki na mavi makavu na sisi. Nikaja mjini kuosha sakafu za watu, mimi mwenye kukamulia kijiji kizima. Kanisani niliwaambia nimekuja kukaa na wajukuu. Hata Sista nilimwambia hivyo. Hizo ndizo habari zangu.

"Eee," akasema. Ilikuwa eee ingine. Hiyo ilikuwa na mtu ndani.

Halafu akasema, "Ila mimi, mama, ng'ombe hazikuwa zangu peke yangu."

Ikatoka yote. Ndugu zake walimpa mifugo yao apeleke mbele kutafuta nyasi, yeye ndiye anajua njia. Alienda na kundi akarudi na fimbo. Hakuenda nyumbani. Alijificha kwa mashamba ya Kimana, akipalilia vitunguu vya mtu mwingine, analala kwa kibanda kando ya stoo ya huyo tajiri. Mke hajui kama yuko hai. Na kila siku anapanda kilima kuona moshi wa kwao kwa mbali, anashuka.

Sasa lile swali. Kwetu kifo hakiitwi kwa jina, na aliyekufa hata jina lake linawekwa kando. Kumuuliza mwanamume hilo kwa Kimaasai ni kama kumvua shuka sokoni. Niliuliza. "Baba, unafikiria kujiua?"

"Eee."

"Leo?"

"Leo nimepanda kuuliza kama kuna sababu ya kushuka."

Shanga ziliniangukia zote sakafuni. Sikuziokota. Nikamwuliza kama ameweka kitu tayari, akasema tu, "Ufunguo wa stoo niko nao." Nilijua ni stoo ya dawa za kunyunyizia vitunguu. Nilimwonyesha Sista kwa mkono, ile ishara yetu ya hatari, na Brayo akashika simu ya pili.

"Rika yako ni nani hapo karibu?" nikamwuliza. Rika ni wale mliotahiriwa wakati mmoja. Kwa mwanamume wa kwetu hao ni zaidi ya ndugu.

"Kuna Saruni, ana bucha sokoni. Lakini hapana. Ataniona."

"Atakuona namna gani?"

"Bila ng'ombe."

"Saruni anaona ng'ombe waliokufa kila siku ya Mungu, ametundika dirishani. Hatashangaa."

Akacheka pumzi moja. Si kicheko cha kusimulia, lakini nilikisikia.

"Nikimwita, utakaa na yeye?"

"Rika hafukuzwi."

"Basi namwita. Na wewe shuka polepole, usiende kwa stoo, kaa kando ya barabara mahali atakuona. Ikikatika tutapiga sisi."

"Mama, simu inalilia chaji," akasema, na ikakatika.

Tulipiga. Mteja hapatikani. Tulipiga. Kuna watu wanasema ugumu wa hii kazi ni kusikia. Hapana. Ugumu ni pale husikii. Sista alichukua kitambaa akapanguza meza ambayo nilikuwa nimeipanguza mimi. Brayo alikuwa anatafuta Saruni, kupitia kwa mama wa afya wa kijiji, kupitia kwa duka la mbegu tulikobandika namba, mpaka mtu akapeleka simu buchani.

"Wewe ni Saruni?" Brayo alikuwa ameweka spika tusikie.

"Ni mimi. Nani amekufa?"

"Hakuna. Tunataka ibaki hivyo, mzee." Akamweleza, kwa Kiswahili safi kabisa, sijawahi kumsikia tena akiongea hivyo.

Tukasikia Saruni anaweka kisu chini. "Huyo alisemekana yuko Tanzania! Nikifika nimwambie nini?"

Sista akainama kwa simu. "Usimwambie kitu. Usimhubirie, usimgombeze. Kaa na yeye. Na muombe ufunguo wa stoo."

"Niseme wa nini?"

"Nyinyi si ni rika? Omba tu."

"Eee," akasema Saruni. "Hiyo ni kweli. Rika akiomba haulizwi sababu, anapewa kitu."

Halafu tukangoja. Chai ilipata ngozi. Mhubiri wa chini alimaliza, akakusanya sadaka, akaanza upya. Brayo akapiga magoti akaanza kuokota shanga zangu, nikamwambia aache, hakuacha.

Simu ikalia. Ilikuwa Saruni, anahema.

"Niko na yeye. Alikuwa amekaa kwa jiwe kando ya barabara, kama mtu anayengoja gari. Tumekula habari."

"Ufunguo?" Sista akauliza.

"Niko nao kwa soksi."

"Kwa nini soksi?"

"Mifuko yangu imetoboka, Sista. Nyinyi mnataka ufunguo ama mnataka suruali?"

Sista alicheka mpaka akaenda kusimama kwa dirisha na akakaa huko, mgongo kwetu, muda mrefu kuliko kicheko.

Lemayian alilala kwa Saruni. Ufunguo ulirudi kwa mwenye shamba. Asubuhi wakaenda Loitokitok, na muuguzi wa akili alikuwepo, kwa sababu Sista alikuwa ameuliza Jumatatu na akauliza tena kabla hawajatoka. Alipewa dawa, alipewa siku za kurudi, na Saruni alienda naye hizo siku akafunga bucha, watu wakakosa nyama. Mama wa afya alienda kwa mke. Ndugu zake walikuwa wamejua ng'ombe zimekufa tangu zamani. Kila mtu zilimfia, nani alikuwa na ng'ombe? Walichokuwa wanatafuta ni yeye. Nisiwapambie: mmoja wa hao ndugu alimlaumu na mpaka leo hamsalimii vizuri. Mambo mengine hayana kliniki.

Baada ya hapo Sista alibadilisha mafunzo. Hakusema tena habari zako ziache mlangoni. Alisema, jua ni ya nani simu, na ujue kama mwenyewe anakula peke yake ama anataka mwenzake. Kwa kijana wa mjini, nyamaza. Kwa mtu wa kwetu, onja kwanza. Brayo alijifunza kuitikia eee vizuri kuliko watoto wangu. Msimwige lakini, kila mtu na koo lake.

Sista alirudi Bungoma mwishowe, anafuga kuku wa kweli. Mimi nilibaki mpaka masikio yakaanza kuchoka. Hayakukataa kusikia, yalikataa kusahau. Mkifika hapo semeni mapema, si aibu.

Wiki yangu ya mwisho Lemayian alipiga. Huwa anapiga mvua ikianza na mvua ikiisha. Uso wake sijawahi kuuona, na sijui kama ningemjua barabarani. Nilikuwa nimefunga shanga kwa kitambaa, stuli nimeipa Brayo.

Tukala habari. Watu wazima. Watoto wazima. Vitunguu vimekubali, vyake mwenyewe sasa. Kuna ndama. Saruni amenunua suruali. Nikaitikia mpaka mwisho, nikangoja.

"Hakuna ila," akasema.

"Watu wengi huniambia hivyo. Ile kitu bado inakuja kukuambia ufe?"

"Inakuja siku zingine. Kama mgeni wa hasara. Siipi kiti."

"Na ikikataa kwenda?"

"Namwita Saruni. Saruni hana heshima kwa wageni. Sasa zako, mama."

Nikamwambia sisi wazima. Wajukuu wazima. Vumbi ya Kitengela nzima kabisa. Njia iko salama. Nikafikiri nimemaliza, nikaweka mkono kwa kile kidude cha kukatia.

Yeye hakuaga. Upepo wa kilima chake ulikuwa unapiga kwa masikio yangu.

"Mama," akasema, "leo sisikii mvua yako."

"Nimefunga shanga."

"Eee," akasema, na akangoja. Alingoja vizuri, bila kukohoa, bila kunisukuma, vile Sista angependa.

"Ila Ijumaa namaliza kazi," nikasema. "Na sijui mtu anakaa namna gani na simu ambayo hailii."

"Eee," akasema Lemayian, polepole, kama mtu ambaye amefunga mifugo yote na hana mahali pengine pa kwenda. "Endelea, mama. Leo chaji iko."